Aliomba Neno Moja, Akajibiwa Matatu

Mwanamume wa "Parole parole", wimbo wa kale wa Kitaliano, haimbi. Muziki unaanza polepole, na wakati msikilizaji anangoja sauti ya kuimba, yeye anaongea, kwa mnong'ono mzito wa mtu aliyeuzoea usiku. Anamwambia mwanamke aliye naye kwamba hajui leo kimempata nini: anamtazama na ni kama anamwona kwa mara ya kwanza. Punde tu anasema asingependa kusema lolote. Baada ya hapo hanyamazi tena.

Anayeimba ni mwanamke, na anachoimba si mahaba. Anauliza huyu mwanamume ni kitu gani hasa. Anasema hubadiliki, hubadiliki kabisa. Mwenziwe anapomwita jana yake na leo yake, anajibiwa: haya, niite na "mateso" basi, maadamu umeshaanza. Ni kauli ambazo mtu angezitoa huku akikunja nguo, bila hata kugeuza shingo. Ila hapa zimevishwa muziki mwororo, wenye mdundo wa kibosanova, ule wa Brazili, unaopepea, kiasi kwamba mtu asiyejua Kitaliano atafumba macho na kuyumba, asijue kwamba anayumbia malalamiko.

Ada ya wimbo wa wapendanao wawili inajulikana. Wewe ubeti, mimi ubeti, kiitikio tunaimba pamoja tukitazamana machoni. Walioutunga wimbo huu waliipindua ada hiyo kwa hila moja. Maneno yote matamu waliyatia katika sauti ya kusema, kavu, isiyo na noti. Shaka, dhihaka na uchovu wakavipa muziki. Mwenye kubembeleza akabaki na kamusi, mwenye kukataa akapewa wimbo. Na sikio la binadamu hufuata wimbo.

Watu huisifu sauti ya Mina, mwanamke anayeimba humo, na wana haki. Wengine husifu ule mnong'ono wa Alberto Lupo, na hao nao siwakatalii. Mimi naona sifa ya kwanza ingeenda kwa waliokaa mezani wakaamua nani aimbe na nani aseme, kwa sababu kila kinachochekesha na kila kinachouma katika wimbo huu kinatokana na uamuzi huo.

Waliokaa mezani walikuwa watatu. Muziki ni wa Gianni Ferrio, kiongozi wa okestra. Maneno yaliandikwa na Leo Chiosso na Giancarlo Del Re. Ilikuwa 1972, na wimbo ulitengenezwa uwe wa kufungia "Teatro 10", kipindi cha burudani cha Jumamosi usiku cha RAI, televisheni ya taifa la Italia. Mina na Lupo ndio waliokuwa wenyeji wa kipindi hicho mwaka ule. Kwa hiyo kila kipindi kilipokwisha, familia nzima ikiwa sebuleni, watoto wameshaanza kusinzia, taifa liliagwa na mwanamume aliyeshindwa kuagana na mwanamke kwa maneno machache.

Jina la Chiosso linaeleza mengi. Miaka ya 1950 ndiye aliyekuwa akimwandikia maneno Fred Buscaglione, mwimbaji wa Torino aliyejifanya jambazi wa Kimarekani: kofia imeinamishwa, masharubu membamba, glasi ya wiski, vitisho vingi. Katika nyimbo zile jabali huyo hujitapa mstari baada ya mstari, kisha anatokea msichana mdogo na jabali linaporomoka. Buscaglione alikufa kwa ajali ya gari Roma mwaka 1960, akiwa kileleni. Miaka kumi na miwili baadaye Chiosso alirudi kwenye shamba lilelile, ila mara hii jambazi amevalishwa suti nzuri, amefundishwa ushairi na kupewa sauti ya jukwaa. Mwisho wake haukubadilika.

Na waliipata sauti yenyewe. Lupo hakuwa mwimbaji, alikuwa mwigizaji wa tamthilia. Mwaka 1964 alikuwa ameigiza daktari kijana katika "La cittadella", tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya ya A. J. Cronin, na tangu hapo wanawake wa Italia wakamweka moyoni kama yule daktari ambaye kila mama angetaka amwoze bintiye. Kumchukua mtu huyo, mwenye sauti ambayo nchi nzima ilikwisha kuiamini, na kumfanya apige porojo mbele ya mwanamke asiyetaka kusikia, hapo mzaha ulikuwa umeshakamilika nusu kabla hajafungua kinywa.

Sasa tuingie ndani ya kiitikio, maana ndimo kazi ilimofanyika.

Mwanamume anaomba: una parola ancora, neno moja zaidi. Anajibiwa: maneno, maneno, maneno. Ameomba moja, amepewa matatu. Anasema nisikilize, anapewa matatu. Anasema tafadhali, matatu tena. Anasema nakuapia, na hapo maneno yanamwagika mpaka yanafika pale pa kuchoma, kwamba baina yetu sisi wawili hakuna kingine zaidi ya hayo.

Katika Kitaliano, parola ikiwa moja ni kitu kizito. Mtu humpa mwenziwe parola kama sisi tunavyompa mtu ahadi, na parola d'onore ni kiapo cha muungwana. Zikiwa nyingi zinageuka upepo. Mswahili hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Tunasema "si neno" tukimaanisha jambo halina uzito wa kututia wasiwasi, na tunasema "hapa pana neno" tukimaanisha pamefichika jambo kubwa. Lakini ukiambiwa fulani ana maneno, huyo hata kumkopesha utasita. Lugha mbili ambazo hazikulelewa nyumba moja zimefikia mzaha uleule: umoja una heshima, wingi una porojo. Na wahenga wetu waliweka kidole palepale Chiosso na Del Re walipokiweka, waliposema ada ya mja kunena, muungwana ni vitendo.

Halafu kile kiapo. Nakuapia... nini? Hatusikii. Kiapo kinakatwa na kiitikio, na kila kikirudi kinakatwa tena palepale. Mtu huyu anaapa wimbo mzima na hakuna anayejua alichoapa. Mapema katika ubeti wa kwanza alikuwa amemwambia mwanamke kwamba yeye ni sentensi ya mapenzi iliyoanzwa isimalizwe. Alidhani anamsifu. Kumbe alikuwa akijieleza mwenyewe.

Kuna kingine ambacho wengi hupita bila kukiona. Katika ubeti wa pili anamwambia mpenzi wake: kama usingekuwepo, ingebidi ubuniwe. Kauli nzuri, inateleza. Isipokuwa ni ya Voltaire, mwanafalsafa wa Kifaransa wa karne ya 18, na Voltaire hakuwa akizungumzia mwanamke. Alikuwa akizungumzia Mungu. Bwana wetu ameitoa kwenye mjadala mzito wa dini akaileta chumbani kama maua yaliyochumwa kwenye bustani ya jirani. Violini alivyovitaja, waridi, upepo, mwezi, nyenje, vyote ni vya kuazima. Hana hata sifa moja inayomhusu mwanamke huyu na si mwingine. Ukiuchunguza wimbo mzima hutajua rangi ya nywele zake, wala anacheka vipi, wala anapenda chakula gani. Kwa hiyo mwanamke anapomjibu kwamba violini na waridi usiku huu akamsimulie mwanamke mwingine, ametoa uhakiki wa fasihi ulio sahihi kabisa: beti hizi zingemfaa yeyote.

Kisha zipo peremende. Caramelle, anasema, sizitaki tena. Peremende ni zawadi ya mtoto aliyekuwa akilia, hupewa ili anyamaze. Sidhani kuna neno katika wimbo lililochaguliwa kwa uangalifu kuliko hilo. Hakusema umenidanganya, wala umeniumiza. Amesema umekuwa ukinipa pipi.

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wengi wanaoandika kuhusu wimbo huu. Husema ni wimbo wa kutongoza: mwanamume mkware, mwanamke mwerevu, mkware amekosa. Vijana wa Mombasa wangesema jamaa amerusha mistari yake yote na haikushika. Wa Dar es Salaam wangesema amepiga saundi, na kwa mtu ambaye katika wimbo mzima hana ila sauti, sijui msemo gani ungemkaa vizuri zaidi.

Lakini sikiliza tena. Ni kama mara ya kwanza, anasema. Mtu hasemi hivyo kwa mwanamke aliyekutana naye juzi. Hubadiliki, anasema mwanamke, na huwezi kumwambia mgeni kwamba habadiliki, huna cha kumlinganisha nacho. Peremende sizitaki tena: tena, maana alishazila. Hawa ni watu wa siku nyingi. Huenda wana nyumba moja, huenda wana bili ya umeme. Na anachokitaka mwanamke anakitamka mwenyewe karibu na mwisho, kwa uwazi ambao hauna ushairi hata chembe: anataka kulala. Mwezi na nyenje, anasema, kwa kawaida ndivyo vinavyomkosesha usingizi.

Sasa lisikilize linalofuata, maana hapo wimbo unageuka. Anataka kulala ili amwote yule mwanamume ambaye wakati mwingine yumo ndani yako, akiwemo, yule asemaye machache, ambaye anaweza kunipendeza.

Ndani yako. Hamtaki mwingine. Anamtaka huyuhuyu, ila toleo lake lenye kunyamaza. Na maadamu hilo halipatikani akiwa macho, atalitafuta usingizini, bora huyu mwenye maneno amwachie nafasi ya kulala. Sijui kama kuna ungamo la mapenzi la ajabu kuliko hilo, na limefichwa ndani ya ombi la kuzimiwa taa.

Kwa hiyo ile hesabu ya kwamba mwanamke ameshinda na mwanamume ameshindwa haijumliki. Angalia na sehemu ile anapojibu kuhusu violini na waridi. Hasemi hapendi violini. Anasema anaweza kuvisikia akijisikia, wakati ukifika, na baadaye tutaona. Kinachogombewa ni ratiba. Angalia pia anavyomchokoza: niite mateso, anamwambia katika ubeti wa kwanza, niite na mahaba, anamwambia katika wa pili, nani ajuaye. Anamtilia maneno kinywani! Mtu aliyechoshwa kweli na maneno hamkumbushi mwenziwe yaliyosalia. Na kiitikio chenyewe, ambacho dunia nzima inakijua, kinahitaji mwanamume aseme kwanza ndipo mwanamke apate pa kuingilia. Mnyamazishe mwanamume, na mwanamke hana wimbo.

Nadhani Mina alilijua hili kuliko waliomwandikia, na alilisema kwa koo lake. Msikilize anavyolitamka "parole" la kwanza, na la pili, na la tatu: hayafanani. Moja lina kicheko ndani yake, jingine limechoka, jingine liko karibu sana na kukubali. Katika sauti hiyo kuna mwanamke anayezungusha macho, na palepale kuna mwanamke ambaye bado hajazima taa.

Yafaa kukumbuka alikuwa nani mbele ya watazamaji wale. Jina lake halisi ni Anna Maria Mazzini, alizaliwa Busto Arsizio mwaka 1940 na akakulia Cremona. Mwaka 1963, akiwa mwimbaji anayependwa kuliko karibu wote nchini, alipata mimba ya Corrado Pani, mwigizaji aliyekuwa na mke wake wa ndoa, ingawa walikuwa wametengana. Italia ya wakati ule haikuwa na talaka. RAI ikamfungia mlango. Wananchi hawakuacha kununua sahani zake za santuri, na mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa tena, kimyakimya kama inavyokuwa. Sheria ya talaka ilipitishwa Desemba 1970. Mei 1974 wapinzani wake waliipeleka kwenye kura ya maoni ili ifutwe, na takriban asilimia 59 ya wapiga kura wakakataa isifutwe.

Wimbo wetu umekaa katikati ya tarehe hizo mbili. Sidai kwamba ni wimbo wa siasa, na wanaoufanya bango la ukombozi wa wanawake wanaubebesha gunia lisilo lake. Nasema tu kwamba mwanamke aliyesimama kwenye televisheni ileile iliyomfungia, Jumamosi usiku, akamwambia yule daktari wa taifa zima kwamba hotuba zako nimezisikia na nina usingizi, hakuwa mwanamke yeyote tu. Watazamaji wenye umri wa kukumbuka walijua ni nani anayeongea. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 1972 Waitalia walikwenda kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza kuitishwa kabla ya wakati tangu Jamhuri iundwe, kwa hiyo hotuba zilikuwa hewani kila siku, na kiitikio cha kuzijibu kilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu.

Wengi wetu, hata hivyo, hatukuujua wimbo huu kwa Kitaliano. Tuliujua kwa Kifaransa. Mapema 1973 ilitoka sahani ya mwimbaji Dalida na Alain Delon, mwigizaji wa filamu wa Kifaransa, na hiyo ndiyo iliyozunguka dunia, hasa nchi zinazoongea Kifaransa. Dalida alikuwa Mwitaliano wa Misri, aliyezaliwa Shubra, Cairo, mwaka 1933, familia yao ikiwa imetoka Calabria, na aliyetwaa taji la Miss Misri mwaka 1954. Baba yake alikuwa mpiga violini katika jumba la opera la Cairo. Naomba msomaji alishike hilo kidogo: katika wimbo huu mwanamume anamfananisha mpenzi wake na upepo uimbishao violini, na anayemjibu asante, lakini kampe mwingine, ni binti wa mpiga violini.

Toleo la Kifaransa lina mambo yake. Peremende za Kitaliano zimezaa: zimekuwa karameli, pipi na chokoleti, duka zima. Lakini badiliko lenyewe limeingia na Delon. Lupo alikuwa na sauti nzuri na sura ya heshima, ni mume wa kuaminika aliyezidisha chumvi. Delon alikuwa Delon. Ulimwengu mzima ulijua kwamba mtu huyu hana haja ya kusema kitu ili apate mwanamke, na hapo mzaha unageuka mwingine kabisa. Kwa Lupo tunacheka kwa sababu anajitahidi mno. Kwa Delon hatucheki sana, tunajiuliza kwa nini mtu mzuri kiasi hicho anaomba. Mwishoni anarudia kumwambia mwanamke jinsi alivyo mzuri, tena na tena, na maneno hayo yakitoka kwake yanasikika kama mtu anayezungumza na kioo.

Na Dalida hachezi kama Mina. Mina ana kicheko, Dalida ana jeraha. Sauti yake ina kutu kidogo, ile lafudhi yake inayoviringisha r, na anapoimba kwamba haya ni maneno tu, unamwamini bila kusita, unamhurumia. Watu wengi wanapenda toleo hili zaidi. Mimi nalipenda Jumapili, siku nyingine zote nachagua la Mina. Linapopotea lile konyezo la jicho, wimbo unabaki kuwa wa mwanamke aliyedanganywa, na nyimbo za wanawake waliodanganywa tunazo za kutosha hapa duniani.

Wajapani nao waliuchukua, wakaupa jina linalomaanisha mnong'ono mtamu, na nadhani wao walikuwa wakweli kuliko wote: waliuza kile ambacho watu walikuwa wakikinunua. Mwaka 2009 likaja toleo la Zap Mama, kundi la Marie Daulne, mwanamke aliyezaliwa Isiro, kaskazini-mashariki mwa Kongo, akakulia Ubelgiji. Aliyeongea humo ni Vincent Cassel, mwigizaji wa filamu wa Kifaransa. Daulne anakuja na mdundo wa miguu, na mwanamke wake hana usingizi wala jeraha. Anaonekana yuko njiani kwenda kucheza dansi, na mwanamume akitaka atamfuata huku akisema.

Kila mwanamke aliyeuimba amebadilisha alichokikataa. Kila mwanamume aliyeusema amesema yaleyale.

Mimi wimbo huu niliusikia vizuri Malindi. Nasema vizuri kwa maana ya kuelewa. Malindi na Italia wana udugu wa tangu miaka ya 1960, Waitalia walipokuja kujenga kituo chao cha San Marco baharini, kaskazini mwa mji, ambako Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wenye hoteli, na leo kijana wa Malindi ambaye hajatia mguu Ulaya atakuuzia kinyago kwa Kitaliano safi na kukuomba radhi kwa Kitaliano safi zaidi. Mji unaojua thamani ya ciao bella, hujambo mrembo, ni mji unaostahili wimbo huu.

Nilikuwa nimekaa katika mkahawa mmoja wa mtaa wa nyuma, saa tisa alasiri, saa ambayo hakuna mteja. Spika ya ukutani ilikuwa ikipiga nyimbo za kale za Kitaliano, za kuwafurahisha wazee wa Kizungu wanaokuja jioni. Mhudumu, mtu wa makamo, kitambaa begani, alikuwa akifuta meza. Wimbo ulipoanza hakuacha kufuta. Alianza tu kusema. Sehemu yote ya Lupo aliijua, neno kwa neno, na vituo vyake, na pumzi zake, akiinama juu ya meza namba nne kama vile meza ndiyo mpenzi. Alipofika kwenye meza iliyokaribia kaunta, maneno akaanza kuyaelekeza kwa keshia.

Keshia alikuwa akihesabu risiti. Hakuinua uso. Kila kiitikio kilipofika, yeye hakuimba, alisema tu, kwa Kiswahili, huku kidole kikigeuza karatasi:

"Maneno hayo. Maneno tu."

Mhudumu akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, nakuapia."

"Maneno."

"Nisikilize basi."

"Nikusikilize, hesabu anifanyie nani?"

Nilicheka, na yule bwana akanitazama kwa namna ya kuniambia nisiharibu. Nilimuuliza baadaye kidogo alijifunza wapi. Akasema hapahapa, spika hiyohiyo, na kwamba Kitaliano chake cha kwanza kilikuwa hiki, hata kabla hajajua kusema chumvi au uma. Maana yake alielezwa na mgeni mmoja miaka mingi ilipokwisha pita. Mpaka hapo alikuwa akidhani mwanamke anakubali.

Umeme ukakatika. Spika ikanyamaza katikati ya ubeti wa pili, feni ikazunguka mara chache za mwisho ikasimama, na mhudumu akachukua ndoo yake akaelekea zilizobaki, meza za upande wa dirishani, akafuta moja, akafuta ya pili, kimya. Keshia alimaliza fungu la risiti, akalibana kwa pini. Akachukua la pili. Kisha akainua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie, akatazama upande wa dirishani.

"We," akasema, "mbona umenyamaza?"